Gemu ya Risasi Yenye Kasoro: Ununue Lini, Uiache Lini

Punguzo la asilimia 90 humsahaulisha mtu swali aliloanza nalo. Gemu iliyokuwa dola 60 inaonekana dukani kwa dola 6, karibu shilingi 780, na kijana wa Kiambere mwenye laptop ya ex-UK anahisi kwamba asiponunua leo amekula hasara. Anajua gemu hiyo ililalamikiwa dunia nzima ilipotoka. Anajiambia kwamba kwa bei hii kasoro zitavumilika. Kuna wakati huwa ni kweli. Mara nyingi si kweli, na sababu haitokani na bei hata kidogo.

Mwongozo huu ni wako wewe unayependa gemu za kufyatua risasi, zile ambazo uwanja unauona kwa macho ya mpiganaji mwenyewe, bunduki ikiwa mbele yako. Unaishi Kiambere, Kiritiri, Siakago au kwingineko Mbeere ambako intaneti ni bando ya simu na stima hukatika bila taarifa. Ushauri ulioandikwa kwa mtu mwenye faiba haukufai sana, kwa hiyo nakupa kigezo kingine. Usiulize kasoro ni kubwa kiasi gani. Uliza iko wapi. Kasoro iliyo ndani ya mashine yako unaweza kuirekebisha, kuizoea au kuikwepa. Kasoro iliyo kwenye seva za kampuni au kwenye uhaba wa wachezaji haiko mikononi mwako, na hakuna punguzo litakaloigusa. Anayechagua mashati ya mtumba sokoni analijua jambo hili: shati lililokosa kifungo hulichukua, lililooza kitambaa hulirudisha kwenye rundo hata likiwa la bob kumi.

Kasoro iliyotibiwa kwa kufuta herufi moja

Chukua Aliens: Colonial Marines. Ilitolewa tarehe 12 Februari 2013 na kampuni ya Sega, ikitengenezwa chini ya Gearbox ya Marekani, kwa kompyuta, PS3 na Xbox 360. Hadithi yake inaendeleza filamu ya Aliens ya James Cameron ya mwaka 1986. Kabla ya kutoka, wateja walikuwa wameonyeshwa vipande vya maonyesho vyenye vivuli, mwanga na hofu ya kweli. Walichokipata nyumbani kilikuwa dhaifu zaidi kwa kila kipimo, na mwezi Aprili mwaka huohuo wanunuzi wakafungua kesi California wakidai wamepotoshwa na matangazo.

Lililoudhi kuliko yote ni adui. Kiumbe wa filamu ile huvizia, hupanda kuta, hujificha kwenye dari na kukujia kutoka upande usioutarajia. Kwenye gemu alikuwa anakimbia moja kwa moja hadi kwenye mdomo wa bunduki yako, au anasimama katikati ya chumba kana kwamba amesahau alichokuja kufanya. Gemu ya kutisha isiyo na adui wa kutisha haina cha kukupa.

Mwaka 2018 habari ikaenea kwamba mchezaji mmoja alikuwa amepekua mafaili ya gemu hiyo na kukuta jambo la ajabu ndani ya faili la mipangilio liitwalo PecanEngine.ini. Kwenye mstari mmoja, jina la amri lililopaswa kuishia na Tether lilikuwa limeandikwa Teather. Kwa sababu ya herufi moja ya ziada, kompyuta ilitafuta amri ambayo haipo, ikaikosa, ikaendelea bila kulalamika. Amri hiyo ndiyo inayowagawia maadui maeneo ya kuyashika na njia za kukuzunguka. Watu walilaumu ubongo wa adui kwa miaka mitano, kumbe sehemu ya ubongo huo haikuwa imeunganishwa.

Ukiinunua kwa kompyuta, kazi yenyewe ni ya dakika chache. Fungua gemu mara moja kisha uifunge, ili mafaili yake yajitengeneze. Ingia kwenye folda ya Documents, halafu My Games, halafu Aliens Colonial Marines, halafu PecanGame, kisha Config. Nakili PecanEngine.ini uiweke pembeni, ili ukiharibu uwe na pa kurudi. Fungua faili lenyewe kwa Notepad, bonyeza Ctrl na F, andika Teather. Utapelekwa kwenye mstari mrefu unaoanza na ClassRemapping. Futa ile a iliyozidi, hifadhi, funga. Ukirudi mchezoni utawaona viumbe wakikata kona, wakisambaa na kukujia kwa ubavu.

Haigeuki kuwa gemu bora. Wanajeshi wenzako wanaoendeshwa na kompyuta bado ni wazito wa akili, hadithi ni nyembamba, na picha zake zilikuwa za kizamani hata siku ilipotoka. Hata hivyo zingatia kinachobaki: hadithi nzima unaweza kuicheza peke yako, na mashine ya zamani inatosha. Kasoro yake mbaya kuliko zote imo kwenye diski yako na Notepad unayo. Kwa dola tatu hadi tano, nasema nunua.

Kasoro usizoweza kuzifikia

Sasa linganisha na Battlefield 2042. Ilitoka tarehe 19 Novemba 2021, ikiwa imejengwa juu ya wazo la vita vya watu 128 kwa wakati mmoja kwenye kompyuta na mashine mpya za gemu. Wenye PS4 waliwekewa kikomo cha watu 64. Haina hadithi ya kucheza peke yako. Ilipotoka ilijaa hitilafu, lakini kampuni iliendelea kuirekebisha, na baadhi ya wachezaji waliorudi baadaye walikubali kwamba imepata nafuu. Bei yake kwenye msimu wa punguzo imeshuka hadi chini ya dola 10. Kwa mtu wa Nairobi mwenye faiba, huenda hapo kuna biashara.

Kwa Kiambere hesabu ni nyingine. Gemu inahitaji nafasi ya GB 100. Inataka intaneti kila unapoingia, hata ukitaka kupigana na roboti tu. Na kila risasi unayopiga lazima ifike kwenye seva na jibu lirudi. Seva za gemu za aina hii ziko mbali nasi, mara nyingi Ulaya, na safari hiyo ya kwenda na kurudi kwa kawaida huzidi milisekunde 100 hata kabla hujahesabu kuyumba kwa mtandao wa simu. Unamwona adui, unafyatua, naye ameshakuua kwa sababu mashine yake iliifikia seva mapema. Mtu hukaa wiki nzima akidhani hajui kulenga. Ukweli ni kwamba gemu iliyorekebishwa kule bado ni mbovu hapa.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Concord, gemu ya risasi ya Sony, iliingia sokoni tarehe 23 Agosti 2024 kwa dola 40. Ilipofika tarehe 6 Septemba ilizimwa kabisa. Wiki mbili. Sony waliwarudishia wanunuzi pesa zao, na ni vizuri kwamba walifanya hivyo, lakini usichukulie kwamba kila kampuni itafanya. Gemu inayoishi kwenye seva pekee hufa siku seva inapozimwa, na bei yake huanza kuporomoka pale wachezaji wanapokimbia. Kwa hiyo ukiona gemu ya mtandaoni imeshuka ghafla kutoka dola 40 hadi dola 4, usishangilie kabla hujaangalia ni watu wangapi wanaicheza. Tovuti ya SteamDB, inayofuatilia gemu za Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, huonyesha idadi hiyo kwa kila saa, pamoja na historia ya bei.

Redfall imesimama katikati ya makundi haya mawili. Ni ya Arkane Austin, studio iliyomilikiwa na Microsoft, ilitoka tarehe 2 Mei 2023 kwa dola 70, ni gemu ya kuwinda wanyonya damu kwenye kisiwa. Ilikuwa na maadui wazembe, mitaa mitupu, na sharti la kuwa na intaneti hata ukicheza peke yako. Mwaka uliofuata, mwezi Mei 2024, Microsoft walitangaza kuifunga studio yenyewe. Kabla ya kuondoka, watengenezaji walitoa marekebisho ya mwisho tarehe 30 Mei yaliyoruhusu kucheza bila mtandao na kusimamisha mchezo kwa muda ukiwa peke yako. Hii ni heshima ambayo kampuni nyingi hazimpi mteja. Sharti la intaneti lilikuwa kwenye kundi la kasoro zisizofikika. Walipoliondoa, gemu ikahamia kwenye mashine yako. Kwa aliye na kompyuta yenye kadi ya picha ya nguvu, kwa bei ya chini sana, naweza kuitetea. Kwa laptop ya ofisini haitafunguka vizuri, basi usijisumbue.

Kuna pia kasoro ambayo hakuna marekebisho yanayoitibu, nayo ni gemu yenyewe kuchosha. Duke Nukem Forever ilitangazwa 1997 ikatoka 2011. Watengenezaji waliongeza baadaye nafasi ya kubeba silaha nne badala ya mbili, lakini mzaha wake kuhusu wanawake unachukiza na mapigano yake yamedorora. Bei ya bob mia mbili haibadilishi hilo, na ukiwa na wadogo zako nyumbani ni sababu ya kutosha kuiacha.

Imerekebishwa, lakini je, kwenye mashine yako?

Neno utakalolisikia zaidi ni kwamba gemu fulani ilikuwa mbovu lakini sasa ni nzuri. Linasemwa hasa juu ya Cyberpunk 2077 ya CD Projekt Red kutoka Poland. Si gemu ya risasi pekee, ina mazungumzo na maamuzi mengi, lakini muda mwingi uko nyuma ya bunduki, kwa macho ya mhusika. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 ikiwa katika hali mbaya sana kwenye PS4 na Xbox One, hata Sony wakaiondoa kwenye duka lao wiki moja baadaye na kuirudisha Juni 2021. Kisha kazi kubwa ikafanyika. Toleo la 2.0 la Septemba 2023 lilibadilisha mifumo ya ujuzi, polisi na mapigano, na leo watu wanaisifu kwa haki.

Lakini toleo la 2.0 lilikwenda kwenye kompyuta, PS5 na Xbox Series. PS4 haikulipata. Na PS4 ndiyo iliyojaa kwenye vyumba vya gemu vya masoko yetu. Anayekuuzia CD ya PS4 pale Luthuli Avenue, Nairobi, akikuambia gemu hii imetengenezwa, anarudia sifa za gemu iliyo kwenye mashine nyingine.

Halafu zingatia kilichochapishwa kwenye CD yenyewe. CD ya Desemba 2020 ina gemu ya Desemba 2020. Marekebisho yote yaliyofuata yanakuja kwa intaneti, na ni makubwa. Ukiiingiza Kiambere bila kuunganisha mtandao, utacheza toleo lilelile lililowakasirisha watu wa siku ya kwanza, ukijiuliza wanaolisifu wanaona nini. Kanuni hii inahusu CD zote za PS4 na PS5, si hiyo tu. Kabla ya kununua CD ya gemu iliyojulikana kwa kasoro, uliza marekebisho yake ni GB ngapi na utayapakulia wapi.

CD ina faida moja ambayo siwezi kuipuuza: ukiichoka unaiuza au unabadilishana na mwenzako. Gemu ya kupakua huwezi. Tangu Oktoba 2024 Steam wanaonyesha wazi kwenye ukurasa wa malipo kwamba unachonunua ni leseni ya kutumia, wakilingana na sheria ya California. Kwa gemu yenye kasoro, uwezo wa kuiuza tena ni bima nzuri kuliko punguzo lolote.

Gharama za Kiambere

Bei ya dukani ni sehemu tu ya utakacholipa. Fanya hesabu hii kwa kalamu. Chukua ukubwa wa gemu kwa GB, zidisha kwa bei unayolipia GB moja kwenye bando unayotumia. Ukiwa unalipa shilingi 50 kwa GB, gemu ya GB 100 itakula shilingi 5,000 za data ili upate kufurahia bei ya punguzo ya dola 6. Cyberpunk 2077 inataka nafasi ya GB 70. Hapo ndipo gemu ndogo ya zamani inayocheza bila mtandao inapozishinda zile kubwa mara nyingi.

Njia ya kupunguza gharama hii ipo, nayo ni halali kabisa. Kama una ndugu au rafiki Embu mjini mwenye faiba au WiFi ya ofisi anayoruhusiwa kuitumia, peleka laptop yako huko, ingia kwenye akaunti yako ya Steam na upakue. Kama laptop haibebeki, pakua kwenye kompyuta yake ukitumia akaunti yako, kisha nakili folda ya gemu kutoka steamapps/common kwenye diski ya nje. Ukifika nyumbani, iweke mahali pake, mwambie Steam aisakinishe, na atakagua mafaili yaliyopo badala ya kuyapakua upya. Kwa njia zote mbili, ukiwa bado na mtandao, hata wa bando, fungua gemu kwenye mashine yako angalau mara moja, halafu uweke Steam kwenye hali ya kutokutumia intaneti. Wengi huruka hatua hii ya mwisho, halafu mtandao ukikosekana gemu inadai kuthibitishwa.

Stima nayo. Kituo cha Kiambere kwenye Mto Tana kilianza kuzalisha mwaka 1988, nacho ni cha mwisho kwa kufuata mkondo kati ya vituo vitano vya Seven Forks, baada ya Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma. Umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa, na kuishi karibu na bwawa hakukuhakikishii taa ya jioni. Gemu nyingi za risasi hujihifadhi zenyewe ukifika sehemu fulani tu. Stima ikikatika kabla ya hapo, umerudi nyuma. PS4 ikizimika ghafla wakati inaandika inaweza kuharibu faili la mchezo wako wote. Laptop ina betri, angalau unapata muda wa kufunga kwa utaratibu, na hii ni sababu moja ya kuipendelea hapa. Kompyuta ya mezani inayovuta wati 400 inamaliza yuniti moja ya tokeni kwa saa mbili na nusu. Sola ndogo ya taa na kuchaji simu haitaibeba.

Usisahau joto na vumbi la Mbeere. Feni ya laptop iliyoziba hufanya mashine ipunguze mwendo ili isiungue, na gemu inaanza kukwamakwama baada ya dakika ishirini. Watu hulaumu gemu. Safisha feni kwanza, weka laptop juu ya kitu kigumu, si kitandani, ndipo uamue kosa ni la nani.

Kuhusu nguvu ya mashine, kadiria hivi: laptop ya ex-UK yenye picha za Intel pekee, bila kadi ya picha ya ziada, itumie kwa gemu za risasi zilizotoka kabla ya takriban mwaka 2014. Ukipita hapo, soma mahitaji ya chini kwenye ukurasa wa gemu na uyaamini. Cyberpunk 2077 inataka RAM ya GB 12 na kadi ya daraja la GTX 1060. Hakuna mipangilio ya kuikwepa.

Na simu? Gemu ya risasi ya Kenya iliyojulikana sana ni Nairobi X ya Black Division Games, studio ya Andrew Kaggia, iliyotoka mwaka 2015 ikionyesha Nairobi ikivamiwa na viumbe wa angani. Ilikuwa hatua ya kujivunia. Lakini kabla ya kulipia gemu yoyote ya simu ya miaka hiyo, hakikisha imepata marekebisho ya karibuni, kwa sababu matoleo mapya ya Android hukataa kusakinisha programu za zamani mno.

Saa mbili zako za haki

Steam huruhusu kurudishiwa pesa kama umenunua ndani ya siku 14 na hujacheza kufikia saa mbili. Haki hii ipo tangu 2015, na kwa gemu yenye kasoro ndiyo ngao yako kuu. Lakini siku 14 zinaanza kuhesabiwa unapolipa, si unapomaliza kupakua. Mwenye bando ndogo anayepakua kidogokidogo anaweza kumaliza siku hizo kabla hajaona skrini ya kwanza. Kwa hiyo usilipe Jumatatu ukitegemea kwenda Embu mwisho wa mwezi. Lipa siku uliyofika penye intaneti ya kupakulia.

Zitumie saa hizo kwa mpango. Usipoteze dakika arobaini ukitazama utangulizi na kuchagua mavazi. Anza na mipangilio ya picha: shusha hadi chini, uone kama gemu inakwenda kwa ulaini. Kisha tafuta mapigano ya kwanza yenye maadui wengi, kwa sababu gemu nyingi hukimbia vizuri kwenye korido tupu na kuanguka pale risasi zinapozidi. Zima data kabisa, funga gemu, ifungue tena. Ikikataa kufunguka bila intaneti, irudishe leo. Cheza hadi ihifadhi mchezo, toka, rudi, uone kama imekuweka pale ulipoachia. Ikiwa kuna tiba inayojulikana kama ile ya Teather, ifanye ndani ya saa hizo, si baadaye. Ukifika dakika ya tisini ukiwa na shaka, rudisha. Pesa zitakuja, na gemu itabaki dukani.

Duka la PlayStation haliko hivyo. Ukishaanza kupakua, kwa kawaida umepoteza haki ya kurudishiwa, isipokuwa gemu yenyewe ni mbovu. Hapo usinunue kwa kujaribu.

Kulipa, na kusoma maoni

Steam hawana bei ya shilingi ya Kenya, kwa hiyo utalipa kwa dola. Njia rahisi kwa asiye na kadi ya benki ni M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa ya mtandaoni iliyozinduliwa na Safaricom mwaka 2022, unayoiwasha kwenye programu ya M-Pesa au kwa *334#. Weka pesa zaidi kidogo ya hesabu yako, kwa sababu kiwango cha kubadilisha dola unachokatwa si lazima kilingane na ulichokisikia kwenye habari.

Usinunue namba za gemu kutoka kwa wauzaji wasiojulikana kwa sababu wamepunguza dola moja zaidi. Namba inaweza kufungiwa nchi nyingine au kufutwa baadaye, na Steam hawatakurudishia pesa ulizompa mtu mwingine. Akaunti za kugawana zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp ni mbaya zaidi: aliyekuuzia ana nywila, na siku akiibadilisha huna wa kumlalamikia.

Kwenye maoni ya wachezaji, achana na alama ya jumla kwanza. Steam hutenganisha maoni ya karibuni na ya tangu mwanzo, na gemu iliyoanza vibaya huonekana hapo: jumla nyekundu, karibuni buluu, maana yake imepata nafuu. Ikiwa kinyume, kuna kitu kimeharibika hivi punde. Kisha soma walalamikaji wenye saa nyingi za kucheza. Aliyecheza saa mia moja halafu akakuambia uiache anajua anachosema. Tafuta kwenye malalamiko hayo maneno ya seva, kukatika, kuunganishwa. Yakiwa mengi, hiyo ni kasoro isiyofikika. Yakiwa mengi ya picha, adui mjinga au hadithi fupi, ni kasoro unayoweza kuishi nayo kwa bei nzuri.

Mwenye chumba cha gemu sokoni ana swali la ziada: je, watu wawili wanaweza kugawana skrini moja? Gemu ya risasi ya mtu mmoja haitamlipa, hata ikiwa nzuri. Na leseni ya kawaida ya Steam ni ya matumizi binafsi. Anayetaka kulipisha wateja kuna mpango wao maalumu wa vyumba vya kompyuta.

Kuhusu wakati, usikimbizwe na saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye ukurasa wa punguzo. Steam wana misimu minne mikubwa kwa mwaka, na ile ya mwisho wa Juni huwakuta wengi wetu ndengu za mvua za Machi zikiwa zimevunwa, na nyingine huja mwisho wa Desemba. Bei iliyofika dola 6 leo, mara nyingi itarudi hapo tena au chini zaidi, na gemu yenye kasoro hushuka haraka kuliko nyingine. Iweke kwenye orodha yako ya matamanio na Steam watakutumia barua pepe ikishuka. Kufikia hapo utakuwa umejua kama marekebisho yamekuja, kama seva bado ziko hai, na kama rafiki yako wa Embu bado ana faiba.